Bima imekataa kipimo cha mume wangu. Je, ndiyo basi?

SWALI: Shikamoo dada. Tunaishi Dallas, Texas, na bima yetu ya afya inatoka kazini kwa mume wangu, ambaye ni mpakiaji katika ghala. Tangu Februari anaumwa kiuno, maumivu yanashuka mpaka mguu wa kushoto unakufa ganzi. Amekwenda fiziotherapia mara 12 mwezi wa tatu na wa nne, hakupata nafuu, na tarehe 29 Aprili daktari akaandika afanyiwe MRI, kile kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili. Tarehe 12 Mei tukapokea barua ya bima, kurasa tatu. Mwanangu wa miaka 12 ameisoma akasema wamekataa kwa kuwa kipimo "si lazima". Mume wangu anasema wakubwa wakishaandika wameandika, tujibane tulipe wenyewe. Halafu kuna karatasi nyingine ya siku moja ya fiziotherapia, ina CO-16 na dola 212, sijui kama ni deni. Nimekutumia picha za zote. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana, na mgonjwa mfikishie pole yangu.

Kabla ya barua, tuzungumze kuhusu huo mguu. Mumeo akianza kushindwa kuinua unyayo, au ganzi ikipanda mpaka sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au akawa hahisi mkojo na haja kubwa au hawezi kuvizuia, msisubiri kibali cha mtu yeyote. Mpeleke idara ya dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa kiasi hicho, kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumwachia ulemavu. Kwa sheria ya Marekani huduma ya dharura haiombewi kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya kutibiwa. Na tangu tarehe 1 Januari 2022, hospitali iliyo nje ya mtandao wa bima yenu, yaani isiyo na mkataba nayo, hairuhusiwi kuwatoza kwa huduma ya dharura zaidi ya sehemu ambayo mngelipa ndani ya mtandao. Haya mweleze yeye mwenyewe, asije akavumilia kiume.

Sasa barua. Namwelewa mumeo. Wengi tumelelewa kuiona karatasi yenye nembo na saini kuwa neno la mwisho. Lakini aliyeandika hii hakumwona mumeo anavyojikokota kutoka kitandani asubuhi. Alikuwa na karatasi alizotumiwa upande mmoja, na orodha ya masharti upande wa pili. Akalinganisha, akakuta pengo, akaandika hapana. Kazi yetu ni kulitafuta hilo pengo na kuliziba.

Sababu yenyewe iko ukurasa wa kwanza, aya ya pili. Kwa Kiswahili inasema hivi: "Kumbukumbu tulizopokea hazionyeshi kwamba mgonjwa amepata matibabu ya kawaida kwa muda usiopungua wiki 6 bila kupata nafuu, wala kwamba amechunguzwa upya na daktari baada ya matibabu hayo. Kwa hiyo kipimo hakijathibitika kuwa cha lazima kitabibu." Mwanao hakukosea maneno, ila "lazima kitabibu" hapo ni lugha ya mkataba. Maana yake ni kwamba ombi halikutimiza masharti ya orodha yao. Hilo la wiki 6 ni sharti la kawaida kabisa kwa MRI ya kiuno, kwa sababu maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya muda huo kwa dawa na mazoezi. Sharti hilo mumeo amekwisha kulitimiza.

Kwa nini basi walisema hapana? Fungua ukurasa wa pili, pale chini, kwenye maandishi madogo ambayo watu wengi huyaruka. Wameorodhesha walichosoma: fomu ya kuomba MRI na maelezo ya daktari ya tarehe 18 Februari. Basi. Fiziotherapia haimo hata siku moja, na ziara ya tarehe 29 Aprili, siku kipimo kilipoandikwa, haimo pia. Kituo cha fiziotherapia ni ofisi nyingine yenye kompyuta zake, na kumbukumbu zake hazikufika kwa daktari au hazikuambatanishwa. Kwa macho ya yule msomaji, mumeo aliumwa Februari na papo hapo akaombewa MRI. Kwa karatasi zile, hata mimi ningesema hapana.

Nimefanya kazi ya madai ya bima hospitalini kwa miaka mingi, na barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote. Kinachoniuma ni watu kuziweka pembeni. Kuna mzee mmoja wa Bukavu ambaye wanawe walimleta ofisini kwangu na kopo la biskuti limejaa bahasha, nyingine hata hazijafunguliwa. Moja ilikuwa ya kukataa gharama za kulazwa kwake. Sababu ilikuwa swali la ukurasa mmoja: je, una bima nyingine? Hakuwa nayo. Angeweka alama mahali pamoja, akasaini, akarudisha. Muda wa rufaa ulikuwa umeshapita, na tuliomba sana mpaka wakakubali kulifungua upya dai lile. Si kila mara wanakubali.

Shirika la utafiti la KFF lilichambua takwimu za mwaka 2023 za kampuni zinazouza bima kupitia HealthCare.gov, soko la bima la serikali kuu mtandaoni. Kampuni hizo zilikataa karibu dai moja katika kila matano. Waliokata rufaa hawakufika hata mmoja katika kila mia. Na katika rufaa hizo chache, asilimia 44 ziligeuza uamuzi. Bima yenu ni ya kazini, kwa hiyo hesabu hizo si zenu hasa, lakini mweleze mumeo awajue wale waliosema "wakubwa wameshaandika" walivyo wengi.

Hatua ya kwanza ni simu, na ni ya leo. Piga kituo cha fiziotherapia, omba kumbukumbu za kila siku aliyohudhuria. Usikubali muhtasari tu. Mumeo ana haki kisheria ya kupata kumbukumbu zake, naye ndiye atakayesaini fomu ya kuziomba. Kisha piga kliniki ya daktari, uliza nani anashughulikia vibali vya bima. Karibu kila kliniki ina mtu huyo, mara nyingi ni muuguzi. Mwambie maneno haya: barua inasema hawakupata kumbukumbu za fiziotherapia wala za ziara ya tarehe 29 Aprili, tunaomba daktari azungumze na daktari wa bima. Mazungumzo hayo ya daktari kwa daktari ni jambo la kawaida, huchukua dakika chache tu, na pengo likiwa la karatasi kama lenu, kibali kinaweza kutoka siku hiyo hiyo. Lakini dirisha lake ni fupi. Kampuni nyingi hutoa siku chache tu tangu tarehe ya barua, na likifungwa inabaki rufaa ya maandishi.

Neno rufaa lisikuchanganye. Nyumbani tukisikia rufaa tunafikiria kupelekwa hospitali kubwa, Muhimbili au KCMC. Hii ni rufaa kama ya mahakamani: unawaomba wauangalie upya uamuzi wao. Kwa bima kama yenu mna siku 180 tangu mlipopokea barua. Mliipokea tarehe 12 Mei, kwa hiyo mwisho ni tarehe 8 Novemba. Iandike kwa kalamu nyekundu ubandike jikoni, ila msiikaribie. Mumeo anaumwa sasa, na mimi ningependa rufaa iwe imeondoka kabla mwezi huu haujaisha.

Iandikwe kwa Kiingereza, na iwe fupi. Watu huja na barua za kurasa nne zinazoeleza watoto wangapi wanamtegemea mgonjwa na mwenye nyumba anadai kiasi gani. Naumia ninapozisoma, kwa sababu kila neno ni kweli, lakini atakayeipitia anatafuta kitu kimoja tu: je, lile sharti limetimizwa? Mpe hicho, kwa tarehe na namba za kurasa. Ningeiandika hivi:

"Ninakata rufaa dhidi ya uamuzi wenu wa tarehe 6 Mei wa kukataa MRI ya kiuno. Mlisema kumbukumbu hazionyeshi wiki 6 za matibabu bila nafuu, wala uchunguzi uliofuata. Nilihudhuria fiziotherapia mara 12 kati ya tarehe 4 Machi na 24 Aprili. Kumbukumbu ziko kurasa 3 hadi 28. Tarehe 29 Aprili daktari alinichunguza upya, akakuta maumivu na ganzi ya mguu wa kushoto vinaendelea. Kumbukumbu iko kurasa 29 hadi 32. Masharti yenu yametimizwa. Naomba mbatilishe uamuzi na kutoa kibali. Naomba pia, bila malipo, nakala ya faili langu lote, masharti mliyotumia, na sifa za mtaalamu aliyetoa uamuzi."

Juu yake yawepo jina, namba ya uanachama iliyo kwenye kadi, na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua yao. Ukurasa wa pili uwe barua yao wenyewe, ule wenye sababu. Sentensi ya mwisho, ile ya kuomba faili, usiiache. Ni haki yenu kuyaona mambo hayo bila kulipa senti, na kampuni ikijua mtu anayaomba, inajua inazungumza na mtu anayefuatilia. Atakayeamua rufaa hatakiwi kuwa yule yule aliyekataa mwanzo wala mtu aliye chini yake, na kwa kuwa hili ni suala la kitabibu, lazima washauriane na mtaalamu wa afya mwenye ujuzi wa eneo hilo.

Akikubali daktari kuongeza barua yake, vizuri zaidi. Aeleze MRI itabadilisha nini: je, matokeo yataamua kati ya sindano, upasuaji na kuendelea na mazoezi? Mstari mmoja wa namna hiyo una uzito kuliko "mgonjwa ana maumivu makali" mara tano.

Tuma kwa faksi uhifadhi karatasi inayothibitisha idadi ya kurasa zilizofika. Tuma na nakala kwa posta, barua ya rejista yenye hati ya kupokelewa. Nasisitiza idadi ya kurasa kwa sababu yamenikuta: nilituma kurasa 40 za mgonjwa wangu, zikafika 31, na tisa zilizopotea ndizo zilizokuwa na majibu. Nunua daftari. Kila ukipiga simu andika tarehe, saa, jina la aliyepokea na namba ya mazungumzo. Usipopewa namba, iombe. Wewe kama mke huwezi kuzungumza kwa niaba yake mpaka asaini fomu ya kukuteua mwakilishi. Fomu hiyo iombe kwenye simu ya kwanza.

Kwa kipimo ambacho bado hakijafanyika, bima inatakiwa kujibu rufaa ndani ya siku 30. Daktari akieleza kwamba kusubiri kunahatarisha afya yake au kunamwacha na maumivu yasiyodhibitika bila kipimo hicho, inakuwa rufaa ya haraka na jibu lije ndani ya saa 72. Daktari anayemtibu akisema ni ya haraka, bima haina ruhusa ya kubishana naye kwa hilo.

Na wakikataa tena? Hapo ndipo pana jambo ambalo watu wetu wengi hawajalisikia. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliwapa wagonjwa haki ya kupeleka shauri nje ya kampuni, kwa wakaguzi huru ambao hawaajiriwi na bima. Mnaomba ndani ya miezi minne tangu jibu la mwisho la rufaa. Mkaguzi ana siku 45 kuamua, au saa 72 kwa shauri la haraka, na akisema kipimo kilipiwe, kampuni inafungwa na uamuzi huo. Njia hii ni ya maamuzi ya kukataa yanayotegemea maoni ya kitabibu, kama huo wa kwenu. Barua ingesema "huduma hii haimo kabisa katika mpango wako", kwa mfano upasuaji wa urembo, mkaguzi wa nje asingekuwa na la kufanya. Ndiyo maana nakaza sana usomaji wa ile sentensi ya sababu: inaamua mlango mnaopita.

Mumeo aulize ofisi ya utumishi kazini jambo moja: je, kampuni inanunua bima, au inalipa matibabu kwa fedha zake yenyewe na kampuni ya bima inasimamia tu makaratasi? Waajiri wakubwa wengi hufanya hili la pili, ingawa kadi ina jina la kampuni ya bima. Ikiwa ni fedha za mwajiri, mpango uko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974 iitwayo ERISA. Malalamiko hayaendi kwa idara ya bima ya Texas, yanakwenda Wizara ya Kazi ya Marekani, kitengo cha EBSA kinachosimamia mafao ya wafanyakazi, simu 1-866-444-3272. Wana washauri, hawatozi kitu.

Sasa jambo la mwanao, na nisamehe nikilisema kwa uzito. Najua kila nyumba yetu ina mtoto anayesoma barua za wazazi. Lakini huyu amejikuta yeye ndiye wa kumwambia baba yake kwamba wamemkataa, na miaka 12 ni michache kwa mzigo huo. Hospitali, na kampuni za bima zinazopokea fedha za serikali kuu, zinatakiwa kukupa mkalimani bure, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto chini ya miaka 18 isipokuwa kwa dharura. Ukipiga simu sema neno moja tu, "Swahili", usubiri. Watamwunganisha mkalimani kwenye laini. Msomaji wangu unayetoka Congo, ukipewa mkalimani wa Tanzania na hamwelewani vizuri, omba Kiswahili cha Congo au Kifaransa, wala usione haya. Mwombe mkalimani asome sentensi ya sababu neno kwa neno, bila kufupisha.

Ile karatasi ya CO-16 isikunyime usingizi. Juu kulia imeandikwa kwamba si bili. Ni maelezo ya bima juu ya dai walilopokea. Namba 16 maana yake dai lina kosa au limepungukiwa taarifa, labda tarehe au namba ya mtoa huduma. Herufi mbili za mbele ndizo za kutazama: CO inamaanisha kiasi hicho ni baina ya bima na kituo, na kituo kilicho ndani ya mtandao hakiwezi kukigeuzia kwako. Ingekuwa PR, hiyo ni sehemu ya mgonjwa. Wapigie fiziotherapia, waambie warekebishe dai walitume tena. Msilipe hizo dola 212.

Kuna swali moja hukuniandikia. Maumivu yalianzaje? Kama alisikia kiuno kikikatika akiwa ananyanyua mzigo kazini, huenda hili ni suala la fidia ya wafanyakazi, yaani bima ya wanaoumia kazini, na bima ya afya ikigundua baadaye inaweza kudai si lake kulipa. Texas ni ya pekee, kwani waajiri binafsi hawalazimiki kuwa na bima ya fidia, kwa hiyo aulize kama mwajiri wake anayo. Kwa kawaida jeraha huripotiwa kwa mwajiri ndani ya siku 30 na dai hupelekwa ndani ya mwaka mmoja. Ukichelewa kwa sababu ya msingi bado kuna nafasi ya kujieleza. Ofisi ya serikali ya jimbo, Office of Injured Employee Counsel, huwasaidia wafanyakazi wa mwajiri mwenye bima hiyo, bure. Vyovyote ilivyokuwa, aseme ukweli ule ule kwa daktari, kwa mwajiri na kwa bima.

Kulipa mfukoni msikimbilie. Fedha mtakayolipa nje ya bima mara nyingi haihesabiwi katika kile kiasi cha mwaka mnachotakiwa kukimaliza kabla bima haijaanza kuchangia, na kuirudisha baadaye ni kazi ngumu kuliko rufaa yenyewe. Subirini kwanza daktari aongee nao.

Kumbukumbu za fiziotherapia zikifika, kaa mezani na mumeo mzihesabu pamoja kabla hazijaenda popote. Ziwe siku 12, kila moja na tarehe yake na saini ya aliyemhudumia. Zikipungua hata moja, rudini kituoni mkaiombe.